Tone Lililotulia

Tarehe 9 Mei, mwaka juzi, saa nane mchana, mdogo wangu Skolastika alifariki katika wodi ya upasuaji, hatua chache kutoka kwenye benchi nililofanyia kazi maisha yangu yote. Naanza na hilo kwa sababu mkuu wa maabara, aliyeniomba niandike kumbukumbu hizi, alisema, "Mzee Benno, andika chochote, vijana wajifunze." Nikianza na siku yangu ya kwanza kazini, mtafika kwa Skola mkiwa mmeshasinzia, na sehemu ninayotaka muisome ni hiyo. Sasa mkishajua inaelekea wapi, turudi nyuma.

Elimu yangu ni darasa la saba na kozi moja ya maabara niliyopelekwa baadaye. Niliingia hospitalini kuosha chupa. Siku ya kwanza nilivunja tatu, na Mzee Haule, msaidizi wa maabara aliyekuwa bosi wangu, akasimama mlangoni akizitazama.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana sikuwa na jambo jingine la kusema.

"Marahaba. Umetumwa na kiwanda cha chupa?"

Alikuwa Mngoni mfupi, mwenye koti jeupe ambalo weupe wake ulikuwa suala la imani. Darubini yetu ilitumia kioo kilichoakisi jua la dirishani. Mawingu yakitanda siku mbili, malaria ilipungua wilaya nzima. Mashine ya kuzungushia damu ilikuwa ya mkono: unazungusha mpini huku ukihesabu, na Mzee Haule alikuwa na tabia ya kuja kukuuliza habari za nyumbani ukiwa umefika mia na sitini. Ukimjibu, umepoteza hesabu, unaanza upya. Ilinichukua miezi kugundua kwamba hakuwa na haja yoyote na habari za nyumbani kwangu. Alikuwa ananifundisha kutojibu.

Kipimo alichokipenda kuliko vyote ni kile mnachokiita CRP. Ninyi mnakijua kama namba inayotoka kwenye mashine. Sisi tulikijua kama tone. Ini la mtu likipata habari kwamba mahali fulani mwilini pana moto, linamwaga protini hiyo kwenye damu. Unachukua maji ya damu, tone moja, unaliweka juu ya kibao cheusi, unaongeza tone la dawa nyeupe kama maziwa, unakoroga na kijiti, unakiyumbisha kibao kwa dakika mbili. Kama protini haipo, maziwa yanabaki maziwa. Kama ipo, yanagandana chengachenga kama uji uliokorogwa na mgeni.

Madaktari wengi waliridhika na neno moja, ipo au haipo. Mzee Haule aliliona neno hilo kama ubadhirifu wa dawa. Mtu aliyepasuliwa, alisema, lazima awe nayo. Umemkata kwa kisu halafu unauliza kama mwili umekasirika? Siku ya pili na ya tatu itakuwa juu kwa kila mtu, hata kwa henia ya kawaida. Swali ni je, baada ya siku ya tatu inashuka au inapanda? Kwa hiyo aliongeza maji ya chumvi kwenye sampuli, mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka kugandana kukome, akaandika pale kulipokomea. Kesho yake anafanya tena. Alikuwa na daftari la mistari iliyochorwa kwa kalamu, ya kupanda na kushuka, na alilisoma kama watu wengine wanavyosoma gazeti la michezo.

Nakumbuka mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Namtumbo aliyekatwa kipande cha utumbo. Siku ya nne alikuwa amekaa kitandani anasema anajisikia vizuri na anaulizia ugali. Mstari wake kwenye daftari ulikuwa unapanda. Mzee Haule akampelekea habari daktari wa zamu, kijana aliyekuwa na haraka.

"Mzee, hata mimi ningepasuliwa hivyo, damu yangu ingelalamika."

"Ingelalamika siku mbili, daktari. Hii ya kwake inaongeza sauti."

"Mgonjwa anaomba ugali!"

"Ugali usimpe."

Daktari akacheka. Mzee Haule hakucheka wala hakuondoka. Alisimama palepale na kibao chake mkononi kama mtu anayeuza karanga, mpaka daktari alipochoka naye akaenda kumbonyeza yule mkulima tumbo. Jioni ile walimfungua tena, wakakuta mshono unavuja. Alipona. Baada ya mavuno alirudi na jogoo mkubwa mwekundu akampa daktari. Maabara hawaletewi kuku. Hilo lizoeeni mapema.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo nililokuja kulihitaji. Aliletwa mama mmoja kutoka Nakapanya, amevimba paja, anatetemeka kwa homa kiasi kwamba kitanda kinalia. Nikafanya kipimo. Tone likatulia, maziwa matupu. Nikaandika "haipo", nikajisifu kwa mwandiko.

Mzee Haule akapita nyuma yangu. "Limetulia hilo?"

"Limetulia, mzee."

"Na mama mwenyewe, ametulia?"

"Hapana."

"Basi mmoja wao anadanganya. Ongeza maji."

Nikaongeza maji ya chumvi kwenye sampuli, nikarudia. Maziwa yakagandana mbele ya macho yangu kabla hata dakika haijaisha. Nikadhani ni uchawi, naye akaniona nimedhani hivyo, akavuta kiti. Akanieleza kwamba zile chembe za maziwa zinashikana kwa sababu protini inasimama katikati, mkono huku, mkono kule. Protini ikizidi mno, kila chembe inapata za kwake tele na hakuna inayohitaji kushika jirani. "Ni kama kikao cha harusi ambacho kila mtu ni mwenyekiti," alisema. "Hakuna kinachofanyika, na ukichungulia dirishani unaona utulivu." Ukipunguza kwa maji, ndipo zinaanza kushikana.

Maana yake ni kwamba mgonjwa anayeumwa kidogo kipimo kinamwonyesha, anayeumwa sana kinamwonyesha, na anayeumwa kupita kiasi kinaweza kumficha. Jambo hili limeandikwa pia kwenye kikaratasi ndani ya boksi la dawa, kwa herufi ambazo aliyezichapa hakutaka zisomwe.

Mzee Haule alistaafu, akafa, tukamzika. Umeme wa uhakika ukaja, jenereta likanyamaza. Wakaja vijana wenye diploma, wema, wanaonisalimu shikamoo na kunirekebisha Kiingereza changu kwa upole. Ikaja pia mashine ya kusoma CRP kwa namba. Sina ugomvi nayo. Inasoma vizuri, na sampuli ikizidi uwezo wake inaipunguza yenyewe au inakwambia imeshindwa, unyenyekevu ambao sijauona kwa watu wengi. Kasoro yake ni kwamba inakula vitendanishi, yaani dawa zake za kupimia, vya aina moja tu, na visipokuja inakaa pale na afya yake yote. Siku hizo tuliifunika kitambaa na kurudi kwenye kibao cheusi. Fomu ya majibu ya kibao ilikuwa na visanduku viwili, ipo na haipo. Hakukuwa na sehemu ya kuandika umeongeza maji mara ngapi. Kidogokidogo watu wakaacha kuongeza, na mimi nilikuwa mmoja wa watu hao. Vijana wasilaumiwe, wao hawakuwahi kusikia habari za Nakapanya. Mimi nilisikia.

Sasa Skola.

Skola alikuwa mpishi wa sherehe, kata yote ya Msamala ilimjua. Alikuwa mnene tangu uzazi wa kwanza, na unene ule ulikuwa tangazo lake la biashara. Alisema mwenyewe, "Kaka, nani atampa sufuria mpishi aliyekonda?" Lakini magoti yalikataa, kisukari kikaingia, presha ikafuata. Binti yake Edina, aliyeajiriwa Dar es Salaam, akapata daktari wa kumpunguza mfuko wa chakula kwa upasuaji wa vitundu vidogo, ambao kwetu Songea haupo. Skola alikubali kwa sharti moja, kwamba asijue mtu. Jumuiya yake ya kanisani iliambiwa amekwenda kutibiwa vidonda vya tumbo. Mimi niliambiwa ukweli kwa sababu alitaka nimsomee vipimo vyake.

"Na ukisema, Benno, sikupikii mpaka kufa," aliniambia.

Alifanyiwa upasuaji, akatoka hospitali siku ya tatu, karatasi zake nzuri. Alitakiwa akae kwa Edina wiki mbili. Siku ya sita alikuwa ndani ya basi anarudi Songea, kwa sababu Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi ya mtoto wa mwalimu mmoja na aliahidi pilau. Mtu amekatwa tumbo ili ale kidogo, anasafiri siku nzima kwenda kupikia watu wengi. Edina alibishana naye, akashindwa kama sisi wote tulivyoshindwa miaka yote, akamkatia tiketi.

Jumatatu asubuhi aliletwa hospitalini na bajaji. Alikuwa anahema haraka, ameshika bega la kushoto. Wa zamu alikuwa Daktari Rehema, binti wa Tanga aliyekuwa na miezi michache tu kwetu.

"Pole sana, mama. Umewahi kupasuliwa?"

"Hapana, mwanangu. Basi tu hilo, limenitikisa."

"Hivi vitundu tumboni?"

"Walinichungulia na kamera."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na sindano ya kuchukulia damu. Daktari alipotoka nikamfuata kwenye varanda. "Daktari, ni mdogo wangu. Wamempunguza mfuko wa chakula. Leo siku ya saba."

Akanitazama. "Alhamdulillahi umesema. Mapigo ya moyo wake siyapendi, na hilo bega silipendi kabisa. Mshono ukivuja ndani, bega linaweza kuuma na tumbo likanyamaza. Nifanyie chembe nyeupe za damu na CRP, haraka. Namba itatuamulia."

"Namba hatuna, daktari. Vitendanishi vimeisha. Kuna kibao."

"Basi kibao. Ikiwa ipo kwa wingi nawaita wapasuaji sasa hivi. Ikiwa haipo, tunamwekea dripu na kumwangalia."

Nimeamua kuandika ukweli, kwa hiyo naandika taratibu. Chembe nyeupe zilikuwa juu kidogo, kiasi ambacho safari na maji machache vinaweza kueleza. Nikaweka tone la Skola kwenye kibao, nikaongeza maziwa, nikayumbisha dakika mbili kwa saa ya ukutani. Lilitulia. Nikainamisha kibao kwenye mwanga. Maziwa matupu.

Mgonjwa wa siku ya saba baada ya kukatwa tumbo, anayehema hivyo, hawezi kuwa na tone tulivu. Hata aliyepona vizuri siku ya saba bado ana mabaki. Jambo hili nilikuwa nalijua kwa zaidi ya miaka thelathini. Maji ya chumvi yalikuwa kwenye chupa, mbele yangu, umbali wa mkono. Sikuongeza. Wenzangu waliniuliza baadaye kama nilikuwa nimechoka, au foleni ilikuwa ndefu, wakitaka kunisaidia. Foleni ilikuwa ya watu wanne. Sikuongeza maji kwa sababu nililipenda jibu. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha "haipo", saa nne asubuhi, nikasaini.

Daktari Rehema aliisoma fomu mara mbili. Akapiga simu Dar kwa daktari aliyempasua, naye akasema kama CRP haipo, si rahisi mshono uwe unavuja, mwangalieni. Akanigeukia. "Una hakika, baba?"

"Nimefanya mwenyewe," nikasema. Halikuwa jibu la swali lake, lakini alilipokea.

Nikaenda kwa Skola. "Damu yako safi."

"Nilikwambia ni basi. Sasa ondoka hapa, mbea mkubwa wewe. Umemwambia daktari."

"Nimemwambia."

"Pilau utaisikia harufu tu."

Kesho yake niliingia kazini saa moja kasoro. Nilipita wodini kwanza. Alikuwa na rangi ambayo nimeiona kwa wagonjwa wengi na sitaieleza. Nikaenda moja kwa moja kwenye jokofu, nikatoa sampuli ya jana, ileile, nikaongeza maji ya chumvi. Iligandana. Nikaongeza tena, ikagandana. Nikaendelea kuongeza mpaka nikakosa mirija misafi, na bado inagandana. Saa moja na dakika chache nilikuwa nakikimbiza kibao kwenye varanda kwa mikono yote miwili.

 Daktari Rehema alitazama kibao, akapiga simu chumba cha upasuaji. Walimfungua asubuhi ileile. Walikuta kilichotarajiwa, mshono unavuja na uchafu umesambaa. Wakasafisha, wakaweka mipira ya kutolea uchafu, wakafanya kila walichoweza. Alidumu hadi Alhamisi.

Niliandika kwenye kitabu cha makosa siku hiyohiyo, na jina langu, na saa zote mbili. Kikaitwa kikao. Watu walikuwa wapole mno. Mmoja alisema kipimo chenyewe kina mapungufu, mwingine akalaumu ugavi wa vitendanishi, wa tatu akauliza chai inakuja saa ngapi. Ikaamuliwa wafanyakazi wote wakumbushwe kuongeza maji kwenye sampuli za waliopasuliwa hata kama tone limetulia. Tangazo likabandikwa ukutani karibu na kalenda. Mvua za kwanza zilipopenya dirishani, likadondoka. Nililibandika tena mara tatu. Nilipostaafu lilikuwa chini, na nilimwachia mkuu wa maabara gundi.

Fomu ilibadilishwa, hilo nalishukuru. Siku hizi ina mstari wa kuandika umeongeza maji mara ngapi. Jazeni mstari huo. Na msiangalie kipimo kimoja peke yake. Tazameni cha jana, mapigo ya moyo, na sura ya mtu. Chembe nyeupe huchelewa kupanda, na kwa mtu mwenye kisukari zinaweza zisipande kabisa. Sampuli ikiwa ya ndugu yako, mpe mwenzako aifanye. Hilo halimo kwenye tangazo, ni langu.

Kitabu cha makosa kinasomwa na wakaguzi. Edina hakisomi. Yeye alikuwa na maelezo yake mwenyewe. Kila alipokuja, kwenye arobaini, kwenye misa ya mwaka, kwenye kuweka msalaba wa saruji, alikaa karibu nami na kusema jambo lilelile: "Mjomba, mimi ndiye niliyemkatia tiketi. Lile basi ndilo lililompasua." Nami nilimjibu, "Usijilaumu, mwanangu." Maneno mazuri. Aliyekuwa na dawa yake ni mimi, na nilimpa maneno mazuri kwa karibu miaka miwili.

Nilistaafu mwezi uliopita. Waliniandalia sherehe ukumbini, keki ikaandikwa jina langu kwa N moja. Edina alikuja kutoka Dar, akakaa meza ya familia. Mkubwa mmoja wa hospitali akasimama akasema Mzee Benno ni mtu ambaye katika miaka yake yote hajawahi kutoa jibu lenye kasoro. Watu wakapiga makofi. Daktari Rehema, aliyekuwa meza ya mbele, hakupiga wala hakunitazama. Alikuwa anakunja kitambaa cha mezani vipande vinne, vinane. Edina alipiga makofi kuliko wote. Mimi nikakata keki, nikamlisha mke wangu, mke wangu akanilisha. Ilikuwa tamu na sikusema neno.

Asubuhi yake Edina alikuwa anaondoka. Bajaji ilikuwa imeshafika uani, begi lake ndani. Akaja kuniaga pale kibarazani.

"Mjomba, jana nimefurahi. Mama angekuwepo angepika yeye." Akafuta jicho. "Lile basi, mjomba."

"Siyo basi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Inawezekana mshono ulikuwa umeshaanza kuvuja kabla hajapanda, inawezekana njiani. Hakuna anayejua. Lakini Jumatatu saa nne asubuhi nilimpima mimi. Kipimo kilikuwa na namna ya kudanganya na mimi naijua namna hiyo. Kulikuwa na jambo dogo la kufanya na sikulifanya. Nikaandika hana kitu. Nililifanya kesho yake saa moja."

Mke wangu, aliyekuwa anafagia, akaacha kufagia. Alikuwa anajua.

Edina alihesabu kwa vidole, kama mama yake alivyokuwa anahesabu sahani. "Saa ishirini na moja."

"Ndiyo."

"Wangemfungua Jumatatu, angepona?"

"Sijui. Alikuwa na nafasi kubwa zaidi. Hilo najua."

"Jana wamesema hujawahi kukosea. Ukakata keki."

"Nilikata."

Mwenye bajaji akapiga honi kidogo, ya adabu. Edina hakugeuka.

"Alikuwa anaumia, saa hizo zote?"

Ningeweza kusema alikuwa kwenye dripu, alikuwa anapumzika, alikuwa ananitania kuhusu pilau. Vyote ni kweli kwa sehemu.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa anaumia."

 Edina akaenda kwenye bajaji, akatoa begi lake mwenyewe, akamwambia yule dereva aende. Akarudi akaliweka begi mlangoni, akaketi kwenye ngazi ya kibaraza, si karibu nami, ngazi ya chini.

"Anza upya," alisema. "Tangu alipoletwa. Usiruke kitu."

Nikaanza tangu alipoletwa.